Ziara ya darubini za Afrika Kusini, Cape Town mpaka Sutherland: naipa alama zote ila ifanye kwa mpangilio

Watu wananiuliza sana kama kweli inafaa kutoka Cape Town na kuendesha gari karibu kilomita 370 kuvuka Karoo, ambako njia nzima ni mawe, vichaka na kondoo, eti kwenda kuangalia nyota. Inafaa, na alama nawapa zote. Ila nina sharti moja: usiende Sutherland kabla hujapita kwenye kituo cha zamani kilichoko Cape Town kwenyewe. Ukiruka hapo utaona madarubini makubwa, utapiga picha, utarudi, na hutajua kwa nini yamewekwa huko porini wala kwa nini nchi hii imeng'ang'ana na anga la kusini kwa zaidi ya miaka 200. Wale wanaosema "tulienda, kulikuwa na baridi, basi" wengi wao waliruka hatua hiyo ya kwanza.

Kwa hiyo hapa naongelea sehemu mbili zenye mwenyewe mmoja, SAAO, yaani taasisi ya taifa ya Afrika Kusini ya mambo ya nyota. Makao makuu yao yako Cape Town, darubini za kazi ziko Sutherland, mkoa wa Northern Cape.

Tuanze Cape Town. Mtaa wenyewe unaitwa Observatory, wenyeji wanasema Obs, umejaa wanafunzi na migahawa, na kituo kiko pale kwenye kilima kidogo kati ya mto Liesbeek na mto Black. Kwa miaka mingi wamekuwa wakifungua geti kwa umma Jumamosi ya pili na ya nne ya mwezi, usiku, mnapewa mhadhara mfupi halafu mnatembezwa, na hali ya hewa ikikubali mnaangalia nyota. Hakikisha kwenye tovuti yao kabla ya kwenda maana ratiba hubadilika. Mhadhara niliokuta mimi ulikuwa wa mtafiti kijana anayefanyia kazi nyota zinazobadilika mwanga, alieleza vizuri bila kujikweza, na maswali ya watoto aliyajibu kwa uzito uleule aliowajibu watu wazima. Hilo peke yake lilinifanya niwapende.

Sasa kilichonishika pale ni historia. Mwongozaji wetu alianza na Mfaransa mmoja, Nicolas-Louis de Lacaille, ambaye alifika Cape mwaka 1751, kabla hata ya kituo kuwepo, akakaa mpaka 1753. Huyu mtu alikuwa na kidarubini chenye lenzi ya nusu inchi, yaani kama milimita 13, kikikuza mara 8 tu. Alikifunga kikawa hakisogei, akaacha anga lenyewe lizunguke mbele yake, kila nyota ikikatiza anaandika muda na mahali. Kwa namna hiyo, usiku baada ya usiku, akarekodi karibu nyota 10,000. Nilisimama pale nikifikiria kazi hiyo nikashindwa kusema kitu. Kwenye anga la kusini palikuwa na sehemu nyingi wazungu hawajazipangia makundi ya nyota, basi akaongeza makundi 14, karibu yote ni vyombo vya kazi: darubini, hadubini, saa ya pendulamu, bikari, tanuru, hata easeli ya mchoraji. Kundi moja tu ni tofauti, Mensa, ambalo ni Mlima Meza wenyewe uliokuwa mbele ya macho yake. Na ukiliangalia, Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani inayoonekana kama kijiwingu, limelalia mpakani mwake, kama vile wingu jeupe linavyolalia ule mlima upepo wa kusini mashariki ukivuma. Ndilo kundi pekee angani lenye jina la mahali halisi hapa duniani.

Kituo chenyewe kiliamuliwa kujengwa mwaka 1820, enzi za mfalme George IV wa Uingereza, na sababu haikuwa mapenzi ya nyota, ilikuwa meli. Nahodha bila saa sahihi hajui yuko longitudo ipi, bila orodha nzuri ya nyota za kusini hana cha kupimia usiku, na nyota hizo kule Greenwich, kwenye kituo cha Uingereza, hazichomozi kabisa. Kwa hiyo Cape ikawa mkono wa pili wa Greenwich. Mwanaastronomia wa kwanza, Fearon Fallows, alifika 1821 akakuta kilima kitupu, hakuna jengo, hakuna maji ya maana, ikabidi asubiri miaka mpaka jengo kuu liishe, na mke wake akawa anamsaidia kusoma vipimo kwa sababu wasaidizi hawakutosha. Alifariki 1831 kwa homa nyekundu. Kaburi lake liko palepale mbele ya jengo kuu na kila mgeni analipita. Msilipite haraka. Simameni, someni jiwe, maana kila kitu mtakachoona baada ya hapo kimeanzia kwa huyo bwana na mama yule.

Aliyemfuata, Thomas Henderson, hakuipenda kazi wala mahali, alikaa zaidi kidogo ya mwaka mmoja akaacha kazi. Lakini ndani ya muda huo mfupi alipima Alfa Centauri kwa makini na vipimo vikaonyesha kwamba nyota hiyo inasogea kidogo sana kwenye anga kadiri dunia inavyozunguka jua. Hiyo ndiyo njia ya kujua nyota iko mbali kiasi gani. Kabla ya hapo hakuna mtu duniani aliyekuwa ameweza kupima umbali wa nyota kwa uhakika! Ila Henderson aliogopa huenda chombo chake kina kasoro, akakaa na namba zake, na wakati anajishauri, Mjerumani Bessel akatangaza umbali wa nyota nyingine mwaka 1838. Henderson alitoa yake 1839. Mimi hiki kisa kinaniuma, nasema wazi, kwa sababu vipimo vilikuwa vimeshafanyika hapo Cape miaka kadhaa kabla. Mwongozaji alipokuwa anakisimulia kuna mzee mmoja nyuma yangu alisikika akisema "angetoa tu!" na kundi zima likaitikia.

Mizinga je? Ukiwa Cape Town mchana utasikia mzinga ukilia saa 6 kamili kutoka Signal Hill, kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu. Watalii wanadhani ni mapambo. Ishara ya kuufyatua inatoka kwenye kituo hikihiki, na imekuwa ikitumwa kwa waya wa umeme tangu 1864, ili meli zilizotia nanga zirekebishe saa zao. Mpaka leo inatoka hapo.

Halafu kuna David Gill, ambaye kwangu mimi ndiye mkubwa kuliko wote. Alifika 1879. Mwaka 1882 ikatokea nyotamkia (kometi), kubwa ajabu, ikaonekana hata mchana, Gill akamwita mpiga picha mmoja wa mtaa jirani wa Mowbray, wakafunga kamera yake juu ya darubini ili ifuate anga. Picha zilipotoka nyotamkia ilikuwemo, sawa, lakini nyuma yake zilijaa nyota, nyingi mno, hata zile ambazo jicho halizipati. Hapo Gill akaona mbele: kwa nini tuendelee kuandika nyota moja moja kwa mkono wakati sahani ya picha inaziandika zote kwa mkupuo? Akaanza kupiga picha anga zima la kusini, sahani zikasafirishwa kwa meli mpaka Groningen, Uholanzi, ambako Jacobus Kapteyn alikaa miaka zaidi ya 10 anazipima. Orodha ilipoisha ilikuwa na nyota 454,875. Hebu linganisha na zile karibu 10,000 za Lacaille. Kazi ya namna hii leo inafanywa na kompyuta na hakuna anayejiuliza mara mbili, lakini wazo la kwamba picha ndiyo ramani lilikomaa pale kwenye kile kilima.

Na darubini ya McClean mnaruhusiwa kuiona kwa karibu. Hiyo ndiyo sehemu ya ziara ya Cape Town ninayoipenda zaidi. Ni darubini ya lenzi ya inchi 24, ya mwisho wa miaka ya 1890, Frank McClean aliitoa kama zawadi, na mnaingia ndani ya kuba lake. Kuna harufu ya mbao za kale na mafuta ya mashine. Bomba lenyewe ni refu, limelala juu ya nguzo kama mzinga, na mwongozaji anakuonyesha jinsi ilivyosawazishwa hata mtu mmoja anaisogeza kwa mkono. Kilichonishangaza ni sakafu. Sakafu nzima ya chumba ilitengenezwa iweze kupanda na kushuka kwa nguvu ya maji, ili mtaalamu aufuate mdomo wa darubini badala ya kupanda ngazi gizani. Nimeona vyombo vya kisasa vingi lakini ufundi wa watu waliofikiria mpaka miguu ya mtu anayefanya kazi saa 8 usiku unanigusa.

John Herschel sitamkalia sana. Alikuja na darubini yake mwenyewe, akaishi Claremont kuanzia 1834 mpaka 1838, akapima anga lote la kusini. Mahali darubini yake iliposimama kuna mnara wa jiwe, sasa uko ndani ya eneo la shule ya msingi, kwa hiyo huendi kuingia hovyo. Ila kumbuka jina lake mpaka utakapofika Sutherland, kuna kitu nitakirudia.

Sasa, kwa nini Sutherland? Jibu ni taa. Jiji lilikua, mitaa ikawekwa umeme, anga la Cape Town likafifia. Na siyo Cape Town tu. Johannesburg nako kulikuwa na kituo, ndiko Robert Innes alikogundua mwaka 1915 nyota iitwayo Proxima Centauri ambayo mpaka leo ndiyo nyota iliyo karibu nasi zaidi baada ya jua, kama miaka 4.2 ya mwanga, yaani mwanga wake hutumia miaka hiyo kutufikia. Pretoria kulikuwa na darubini ya Radcliffe yenye kioo cha mita 1.9, vita kuu ya pili iliichelewesha na ikaanza kazi 1948. Bloemfontein, Chuo Kikuu cha Harvard walihamishia kituo chao cha Boyden kutoka Peru mwaka 1927. Yaani nchi hii ilikuwa imejaa macho, na miji ikayatia ukungu yote kwa pamoja. Ndipo mwaka 1972 wakaunganisha kituo cha Cape na cha Johannesburg ikazaliwa SAAO, na darubini za kazi zikaanza kupelekwa Sutherland. Ile ya Pretoria nayo ikang'olewa ikapandishwa huko. Ukishalijua hili, ile barabara ndefu inakuwa na maana, wewe unaifuata njia ileile ambayo vioo vilipitishwa.

Barabara basi. Unashika N1 mpaka Matjiesfontein, halafu unakata kushoto R354, kilomita kama 110, lami nzuri. Usiendeshe usiku kama unaweza kuepuka, wanyama wanakatiza. Mji wa Sutherland ni mdogo, kanisa, maduka machache, nyumba za wageni nyingi kwa sababu kila mtu anakuja kwa ajili ya nyota, na kituo kiko kilomita kama 15 nje ya mji, juu ya mlima karibu mita 1,800.

Ziara ziko mbili na mimi nasema chukua zote mbili, siyo moja. Ya mchana inakupeleka juu mlimani kuona madarubini yenyewe. Ya usiku inafanyika chini kwenye kituo cha wageni, kwa darubini za wageni, kwa sababu zile kubwa usiku ziko kazini na hakuna mtu anayeziwekea jicho, zinatumia kamera. Nimekutana na watu waliobuku ya usiku peke yake wakiamini watachungulia kwenye ile kubwa. Mjue mapema msije mkaondoka na kinyongo bure.

Ile kubwa ni SALT, kifupi cha Southern African Large Telescope. Rais Thabo Mbeki aliizindua Novemba 2005. Kioo chake kwa jumla kina upana wa mita 11 hivi upande mrefu, lakini siyo kioo kimoja, ni vioo 91 vya pembe sita vimepangwa pamoja. Mnaingia mpaka ndani ya jengo na kuiona kutoka sehemu ya wageni, na hapa naomba msimame muda mrefu, muache wenzenu wapige selfi zao. Angalia: kioo kimelala kwa mwinamo uliowekwa moja kwa moja, nyuzi 37 kutoka wima, hakiinuki wala hakishuki. Wabunifu walikataa kulipia mashine ya kukiinua. Badala yake chombo kizima, tani na tani, kinanyanyuliwa kidogo kwa hewa kutoka sakafuni, kinazungushwa kuelekea upande unaotakiwa, kinashushwa, halafu kinatulia tuli. Nyota inapotembea, kinachoifuata ni kifaa kilichoko juu kabisa, kinachotambaa pole pole juu ya kioo kikikusanya mwanga. Kwa hiyo darubini haiwezi kutazama popote muda wowote, inasubiri kitu kipite kwenye duara lake, lakini bado kwa mpango huo inafikia kama asilimia 70 ya anga linaloonekana pale. Bei ikashuka sana ukilinganisha na darubini nyingine za ukubwa huo, ndiyo maana nchi ya Afrika imeweza kuwa na darubini moja ya mwanga iliyo kubwa kuliko zote kusini mwa dunia. Walichukua wazo kutoka darubini ya Hobby-Eberly ya Texas wakalirekebisha.

Pembeni ya kuba kuna mnara mwembamba, watu wengi wanadhani ni wa simu. Ule mnara una vyombo vya kupimia iwapo vile vioo 91 vimekaa sawasawa, kwa sababu baridi na joto vinavisogeza kwa kiasi kidogo kisichoonekana kwa jicho, na kila kimoja lazima kirudishwe mahali pake la sivyo picha inachafuka. Mwongozaji wetu, dada mwenyeji wa hukohuko Sutherland, alieleza hili kwa kutumia viganja vyake tu, vidole vikiwa vioo, na mtoto mmoja akamwita "tannie", yaani shangazi kwa Kiafrikana, akauliza je kioo kikivunjika? Akajibu kwamba kila kipande kinatolewa peke yake na kuwekwa kingine, darubini inaendelea. Jibu fupi, lililoeleweka. Huduma yao ndiyo hii, watu wanajua wanachosema na hawakuharakishi.

Kule mlimani hakuna SALT peke yake. Kuna ya Wakorea, kuna ya Wajapani, kuna roboti za mashirika mbalimbali zinazojifungua zenyewe jua likizama, na kuna kadogo kanaitwa MeerLICHT kenye kazi moja nzuri sana: kanatazama palepale inapotazama MeerKAT, zile antena 64 za redio zilizoko karibu na Carnarvon, zilizofunguliwa rasmi Julai 2018. Yaani kitu kikilipuka angani, kinaonwa kwa redio na kwa mwanga kwa wakati mmoja. Agosti 2017, nyota mbili za nyutroni (mabaki madogo, mazito mno, ya nyota zilizolipuka) zilipogongana na dunia nzima ikageuza darubini zake, SALT ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuchambua mwanga wake. Haya yote yanalindwa na sheria ya mwaka 2007 inayoipa serikali nguvu ya kuzuia taa na mitambo ya redio kwenye maeneo hayo. Mimi naona hiyo sheria ni mali kubwa kuliko kioo chochote pale.

Usiku sasa. Mnakutana kituo cha wageni, simu zinazimwa, tochi nyekundu tu. Macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza na waongozaji hawaruki hilo, wanalitumia kusimulia. Walisimulia ile hadithi ya Waǀxam, Wasan waliokuwa wakiishi sehemu hizo za Karoo, ya msichana aliyekasirika akachota majivu ya moto akayarusha juu, yakawa Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota angani, ili watu walio safarini usiku waone pa kurudia nyumbani. Hadithi hii tunayo leo kwa sababu katika miaka ya 1870 Waǀxam waliokuwa wamefungwa jela Cape Town waliisimulia pamoja na nyingine nyingi mbele ya watafiti wa lugha Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd, zikaandikwa neno kwa neno kwa lugha yao. Lugha yenyewe haina tena mzungumzaji. Nilifurahi kwamba ziara inaanza na watu hao kabla ya kumtaja mzungu yeyote, ndivyo inavyopaswa kuwa, na kama kuna kitu ningeomba kiongezwe kila mahali penye ziara za namna hii, ni hicho, kipewe saa nzima.

Kisha ukiinua kichwa... jamani. Nilikwenda majira ya baridi, na wakati huo kitovu cha galaksi yetu kinapita utosini kabisa, kitu ambacho watu wa Ulaya wanakiona kimelala chini kwenye ukungu wa upeo. Njia Nyeupe ilikuwa na kingo, ina mashimo meusi ndani yake, na pembeni ya Msalaba wa Kusini ule weusi unaoitwa Mfuko wa Makaa ulionekana kama umekatwa kwa mkasi. Nyota ya Suheli (Canopus) ilikuwa inazama kusini magharibi.

Kwenye darubini tulianza na Alfa Centauri. Kwa macho ni nyota moja, kwenye lenzi zikawa mbili, njano njano, zimekaribiana. Ndiyo ileile ya Henderson, na mimi niliyekuwa nimeshasikia kisa chake Cape Town niliitazama kwa namna ambayo wenzangu kwenye foleni hawakuitazama. Hapo ndipo ninaposema fanyeni kwa mpangilio. Ikafuata Omega Centauri, mpira wa nyota kama milioni 10, miaka kama 17,000 ya mwanga kutoka hapa, mwanzo unaona ukungu, halafu ukitulia ukungu unaanza kupasuka kuwa chembe chembe mpaka pembeni. Usitoe jicho haraka. Mwongozaji anakupa muda, utumie.

Na Eta Carinae. Nilisema tutarudi kwa Herschel. Desemba 1837 akiwa Claremont alikuwa ameshaizoea nyota hiyo, usiku mmoja akaikuta imewaka ghafla kupita alivyoijua, na miaka michache baadaye ikawa ya pili kwa kung'aa angani kote, nyuma ya Sirius tu, kisha ikafifia isionekane tena kwa macho. Leo imepanda kidogo, kwenye lenzi ni doa la rangi ya machungwa katikati ya nebula, yaani wingu la gesi na vumbi. Inajulikana itakuja kulipuka. Kuiangalia ukijua kuna mtu aliishuhudia ikibadilika akiwa kwenye nchi hiyohiyo, chini ya anga hilohilo, ni jambo zito.

Lalamiko langu ni moja na haliwahusu SAAO. Nyumba ya wageni niliyofikia mjini, jina naliacha, ilikuwa na taa kubwa nyeupe ya nje inayowaka usiku kucha ikimulika uani kote. Niliomba izimwe nikaambiwa ni ya usalama. Mji unaoishi kwa giza, mwenye nyumba anauza vyumba kwa ajili ya nyota halafu anazifuta! Kwa hiyo kabla hujalipia chumba uliza kabisa: taa za nje zinazimwa? Wapo wengi wanaozima, na wengine wana viti vya kulalia nje kwa kazi hiyo. Mimi nililazimika kuamka kabla ya alfajiri na kutembea mpaka nje ya mji ili nione kundi la nyota la Kilimia ikichomoza mashariki. Mwezi Juni ikianza kuonekana hivyo alfajiri, Waxhosa huihesabu kama mwanzo wa mwaka, na mwanaume huhesabu miaka yake ya utu uzima kwa idadi ya mara alizoiona tangu atoke jandoni. Niliona, ilikuwa imesimama wazi kabisa juu ya milima.

Ya kuzingatia: ziara zote zibukuliwe mapema, za usiku zinajaa hasa likizo za shule. Chagua siku karibu na mwezi mwandamo, mwezi mpevu unaua kila kitu, na hii ndiyo sababu kubwa ya watu kukosa raha. Baridi ni baridi kweli, Sutherland ni kati ya miji yenye baridi kali kuliko yote nchini, theluji huanguka, kwa hiyo koti, kofia, glavu na soksi mbili hata kama mchana ulivaa fulana. Kiangazi ni afadhali kwa watoto, na Mawingu ya Magellan yanakuwa juu vizuri pamoja na kundi la Jabari (Orion), ila kitovu cha galaksi hutakipata. Kuna mawingu? Ziara ya usiku inaweza ikawa maelezo ya ndani tu, kwa hiyo lala siku mbili kama mfuko unaruhusu, ujipe nafasi ya pili. Epuka zile safari za kwenda na kurudi siku moja kutoka Cape Town, utakuwa unaondoka saa ileile nyota zinapotoka. Na mafuta jaza ukiwa bado kwenye N1, kwenye R354 hakuna kituo.